Baba Yuko Kazini

Abdulrahim alikuwa mpishi wa hoteli kule Diani, na majivuno yake hayakuenea jikoni. Bintiye Nusaiba alipoingia chuo kikuu, mzee alieleza mapato yake mwenyewe kwenye fomu ya ufadhili, akayavimbisha. "Mwanangu hasomeshwi kwa sadaka," alisema. Mdomo uliponza kichwa: Nusaiba akawekwa kundi la wenye uwezo, akapewa ufadhili wa kulambishwa tu. Mwezi wa Rajabu Abdulrahim akaanguka jikoni, akazikwa Gazi siku iyo hiyo. Mama akaingia eda, na ada ikakosa mlipaji.

Nusaiba akaomba ufadhili wake uangaliwe upya. Aliyelishika ombi lile mjini Kwale alikuwa afisa wa ufadhili, Bwana Mwero, mtu wa miwani na maneno machache.

"Nimelikataa," alimwambia. "Babako yu hai. Nilizungumza naye jana."

"Babangu tumemzika, bwana. Cheti cha kifo hicho mbele yako."

"Vyeti siku hizi vinanunuliwa."

Akabonyeza simu, akafungua sauti, akaiweka mezani. Ikaita, ikapokewa. Nyuma zilisikika sufuria zikigongana.

"Ndiye mimi babake," sauti ikasema. "Niko kazini. Ada naleta."

Nusaiba aliisoma nambari kwenye kioo cha simu: ilikuwa ya babake. Lakini simu yenyewe ilikuwa nyumbani sandukuni, imezimwa, na ufunguo alikuwa nao yeye.

"Kesho nafunga maombi," Mwero akasema. "Tuwaachie nafasi mayatima wa kweli, dada."

Nyumbani, bibi yake Bimkubwa alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umesawijika hivyo?"

Nusaiba akamweleza yote. Ungo ukamponyoka bibi, mchele ukatapakaa.

"Ni mimi," akasema. "Maiti husomewa talkini kaburini, aambiwe kuwa amekufa, ajue la kujibu. Na huitwa kwa jina la mamake. Mwalimu Sharif aliponiuliza, nilimwambia Abdulrahim ni mwana wa Bimkubwa."

"Kwani siye?"

"Nilimlea tu. Aliyemzaa ni mke mwenzangu Dama, wa Kikoneni, aliyekufa kabla mtoto hajatimiza arubaini. Nilionja utamu wa kuitwa mama, nikanyamaza." Alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Siku ile aliitwa mtu mwengine. Babako hajaambiwa."

Nusaiba akajifungia chumbani, akaipiga ile nambari.

"Baba?"

"Nusaiba! Umekula?"

Moyo ulimpasuka kwa furaha na hofu pamoja. "Uko wapi, baba?"

"Kazini. Lakini hapa pana giza, na hapana anayekuja kula. Nangoja wa kunipokea zamu, nije nyumbani."

Angeliweza kumpigia kila siku. Chuo kikimwacha, na kimwache. Sauti angekuwa nayo. Lakini kumwacha babake amesimama gizani akimngoja wa zamu asiyekuja, hilo hakuliweza.

Baada ya Alasiri Mwalimu Sharif, aliyekwisha kuelezwa kosa la jina, alichutama kichwani mwa kaburi kuisoma talkini upya. Nusaiba alibaki nje ya ukuta wa makaburi, ndiyo desturi yao wanawake, lakini kila neno alilisikia.

"Ewe Abdulrahim, mwana wa Dama..."

Simu ya Nusaiba ikaita. Alipoipokea, sufuria zilikuwa kimya.

"Kumbe," babake akasema taratibu. "Mbona hamkuniambia, mwanangu? Nami nimepika chakula chote hiki."

Ikakatika.

Asubuhi Mwero alipiga nambari ile mara mbili, akaambiwa haipo. Alivua miwani, akamtazama Nusaiba, kisha akagonga muhuri.

"Nisamehe, dada. Nenda kasome."

Nusaiba alimshukuru kwa adabu, akatoka. Alipofika chini ya ngazi, akaipiga ile nambari hata hivyo.