Mkono Uliofutwa

Jumanne ile Avelina alifika mapema, akafagia chumba, akapanga viti vitatu na kuchonga penseli nne. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la pembejeo pale Mbinga mjini, na Dk. Benadetha alikuwa amekikodi miezi miwili kwa ajili ya utafiti wake: kabila moja linasema nini juu ya jingine, na kijana anajitambulisha vipi akiwa kwenye simu. Kazi ya Avelina ilikuwa kusoma maswali na kujaza madodoso. Aliifanya vizuri, hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kazi.

Alipochukua orodha ya washiriki wa siku hiyo, wazazi sita kutoka Lipingo, kijiji cha ziwani, akaona jina la pili ni la mama yake.

Angeweza kusema. Sentensi moja tu, Daktari, huyu ni mama yangu, naye angehojiwa na mtu mwingine, basi, yameisha. Mpaka leo hujilaumu kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Lakini Dk. Benadetha alikuwa amemwajiri kama binti wa milimani, Mmatengo wa kahawa na ukungu, maana ndivyo ukurasa wake ulivyosema. Avy wa Milimani, wafuasi elfu nne. Picha za buni zikianikwa, picha za sweta, picha za mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo, mlimani asubuhi. Ziwa alikozaliwa halikuwemo hata tone. Shuleni alikuwa amekaa bweni moja na wasichana wa huku juu miaka minne, wakimwita Usipa, kama wale dagaa wa ziwani, wakiziba pua akipita, na siku ya kumaliza mtihani aliapa kwamba jina hilo halitampata tena. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akitunga vichekesho: watu wa ziwani wavivu, wanalala wakisubiri samaki wajilete. Watu walicheka sana. Wa ziwani nao walijibu kwamba wa milimani ni wachoyo, hata chai wanakunywa wamefunga mlango. Ndivyo ilivyokuwa, kila siku, asubuhi mpaka jioni.

Mama yake, Mama Ida, aliingia saa nne. Alikuwa amepanda na gari la kwanza kutoka Mbamba Bay, na beseni la usipa kichwani, maana alisema kama ni safari basi bora auze na kitu. Blauzi yake ilikuwa na mkono mmoja, wa kulia. Upande wa kushoto fundi Wendelin alikuwa ameuziba begani kwa mshono safi. Wendelin alishazoea, wateja wa namna hiyo walikuwa wengi.

Jambo lenyewe lilijulikana kwa kila mtu. Mtoto akimkata au kumfuta mzazi kwenye picha kabla ya kuiweka mtandaoni, kilichofutwa kinaondoka. Hakiumi. Mzee Nazari alipoteza sikio kwa picha ya kipaimara. Na si ziwani tu. Kule Kigonsera mzee Bernadi aliamka hana miguu kuanzia magotini, kwa sababu buti zake za shamba zilimwaibisha mwanawe aliyejifanya mtu wa Dar es Salaam. Aliendelea na kahawa yake, ila matawi ya juu akawa hayafikii. Picha nzima ikirudishwa, kiungo kinarudi. Sikio la mzee Nazari lilirudi Krismasi, akaenda nalo misani. Wiki ya pili ya utafiti Dk. Benadetha aliongeza safu kwenye dodoso: viungo vilivyopungua.

Picha ya Avelina ilikuwa ya mahafali ya chuo. Mama alisimama nyuma yake, mkono wa kushoto amemzungushia shingoni. Kumfuta mama mzima Avelina hakuthubutu. Alifuta mkono peke yake, na mama akabaki amesimama pale nyuma kama mpita njia.

"Shikamoo mama," Avelina alisema, kwa sauti ya ofisini.

Mama Ida alimtazama, akamtazama Daktari, akaelewa.

"Marahaba, mwalimu," akajibu, akatua beseni mlangoni.

Avelina alisoma maswali. Umri, kijiji, kabila. Watu wa makabila mengine wanasema nini juu yenu?

"Kwamba tunasubiri samaki waje wenyewe."

Na ninyi mnasema nini juu yao?

Mama Ida akacheka kidogo. "Si ile ya chai."

Likaja swali la kumi na saba. Je, una mtoto anayeficha asili yake mtandaoni?

"Hapana."

Daktari aliinua macho. "Na huo mkono, mama?"

"Mamba."

"Mamba?"

"Mwaka juzi, nasuuza usipa. Mamba wa kwetu wana tabia mbaya, Daktari."

Dk. Benadetha alisema pole sana, akamwambia Avelina aandike ajali. Avelina akaandika ajali, kwa mwandiko mzuri. Alishindwa hata kusema asante kwa kuja, maneno aliyomwambia kila mshiriki. Mama Ida alijitwika beseni lake, akaenda sokoni.

Saa saba Daktari alipokwenda kula, Avelina alifungua simu. Picha ya awali alikuwa nayo bado. Aliiweka nzima, mkono ukiwa shingoni mwake, akaandika chini: Mimi na mama yangu. Akabonyeza.

Wafuasi walianza papo hapo. Mmoja aliuliza huyo mama wa ziwani amemwokota wapi. Mwingine akasema anasikia shombo mpaka Songea. Wengine waliweka vikatuni vya kucheka tu, kumi, ishirini. Avelina alivumilia. Alikuwa amejiandaa, tena baadhi ya maneno hayo alikuwa ameyatunga yeye. Kisha msichana mmoja asiyemjua, bila ubaya wowote, akaandika: Jamani, mnafanana! Hata kusimama! Avelina aliitazama picha, akaona ni kweli. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akaiondoa, akarudisha ile ya zamani. Ilikuwa imekaa dakika kumi na moja.

Mama alipiga simu kabla Daktari hajarudi.

"Mwanangu, uliweka?"

"Niliweka, mama."

"Nilijua. Niko hapa stendi, nasikia mtu kanigusa, kumbe ni mkono wangu, ndani ya blauzi. Nikautoa kwa chini, nikasema nisizubae. Unajua nilifanya nini?"

Avelina aliibana simu sikioni.

"Nilijifunga kitenge. Mwenyewe, sikumwita mtu. Fundo la pembeni, vile ninavyopenda. Limekaa vizuri! Basi leo sikifungui, nitalala nacho."

"Mama, nisamehe."

"Gari linaita abiria. Kula, usishinde na njaa."

Simu ilikatika. Avelina alilia, lakini si sana, maana mlango ulikuwa unagongwa. Alikuwa mshiriki wa saa nane, baba mmoja wa Lipingo asiye na bega la kulia. Avelina alimwamkia, akamvutia kiti, akamuuliza kabila lake.