Hina Isiyo na Jina

Kitanda cha chini alikitwaa Miska, cha juu akaachiwa Mwanamwema. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Miska aliingia chumbani, akautupa mkoba wake juu ya godoro la chini lililo karibu na dirisha, akasema, "Wewe mwepesi, shoga, panda juu," na mambo yakaishia hapo. Mwanamwema akakishika kingazi cha chuma, akapanda na buibui lake, huku wasichana wawili wa Kihispania waliokuwa wakianika taulo wakimtazama.

Hosteli ilikuwa nyuma ya stesheni ya Paddington, mwendo wa dakika kumi kwa miguu hadi Edgware Road. Chumba kimoja vitanda vinane, na bafu la kubonyeza kitufe, ambalo maji yake hukatika kabla mtu hajamaliza kujisuuza sabuni. Walikuwa wamefika Alhamisi kwa basi kutoka Leicester kwa kazi moja tu, kumtia hina Afra, aliyekuwa akiolewa Jumamosi. Nyumbani kwa bi harusi wageni wa Maskati na Unguja walikuwa wamejaa mpaka ngazini, ndipo Mama Afra akawatafutia hosteli.

Kazi ilikuwa moja, na wachoraji wawili. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma Mwanamwema.

Kwani ni yeye aliyemfundisha Miska kuchora. Miaka mitatu nyuma, jikoni kwa shangazi yake huko Leicester, Miska hakujua hata kukata ncha ya koni, kile kifuko cha kuchorea hina. Mwanamwema alikuwa amepokea kazi hiyo kwa mamake, Lamu. Aliacha shule darasa la tano akakaa naye mkekani, akawa anashika miguu ya mabibi harusi kabla hajajua kushika kalamu vizuri. Lakini Mungu alimpa mkono akamnyima mdomo. Mbele za watu alitazama chini, maneno yakamkauka kooni. Miska alikuwa na mdomo wa watu wawili. Ndiye aliyepokea simu, ndiye aliyewachekesha mama wa maharusi, ndiye aliyepiga picha na kuziweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Na kila picha, hata kama aliyechora ni Mwanamwema, ilitoka na maneno yale yale: Hina ya Miska.

Picha iliyomvutia Afra ilikuwa ya mwezi wa pili. Mti wa asumini unapanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, na kiganja kimeachwa kitupu isipokuwa mwezi mmoja mwembamba katikati. Mwanamwema aliuchora mti ule kwa saa tatu, na mgongo ukamuuma siku mbili. Mama Afra alipopiga simu akasema, "Binti yangu anamtaka huyo huyo Miska," na Miska akajibu, "Inshallah, mama," wala hakugeuka kumtazama mwenzake aliyekaa ubavuni pake.

"Ule mti niliuchora mimi," Mwanamwema alisema baadaye, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Najua, shoga. Lakini wamenitaka mimi. Wewe utawashika mashangazi. Mashangazi ndio wengi!"

Basi, njia nzima ya kuja London, Mwanamwema alikuwa akiikariri sentensi moja: safari hii andika jina langu. Aliibeba ulimini saa mbili na nusu. Basi likaingia stesheni, abiria wakasimama kuchukua mizigo, na sentensi ikabaki pale pale.

Mfanyakazi wa jikoni alikuwa Mhindi wa makamo aitwaye Nitin, mkazi wa Kingsbury, mzaliwa wa Kisumu. Aliposikia Kiswahili uso ulimng'aa.

"Karibuni, dada! Mimi mtu ya Kisumu. Sikilizeni, friji hii ya watu wote. Kila mfuko bandika lebo, jina, namba ya kitanda, siku ya kuondoka. Ijumaa saa nne asubuhi mimi nasafisha. Kama hapana jina, naenda takataka. Sheria ya hapa, si yangu."

Alipokwenda zake, wakaitoa hina. Kila mmoja alikuwa amekoroga ya kwake. Miska alikuwa na koni kumi nyembamba, zenye hina laini inayotiririka haraka. Za Mwanamwema zilikuwa sita, nene, zimekorogwa kwa ndimu na mafuta ya karafuu kama alivyokoroga mamake, hina inayotaka mkono wa taratibu na kidole chenye nguvu.

"Yako nzito kama uji wa mgonjwa," Miska akacheka. "Utawachora mashangazi mpaka Jumatatu." Akaandika lebo zote mbili yeye, maana mwandiko wake ulikuwa mwepesi. Kwenye jina lake mwenyewe aliuzungusha mkia wa herufi ya mwisho ukawa kama ua. Jina la Mwanamwema aliliandika hivi hivi tu.

Ijumaa asubuhi Miska alikuwa bado bafuni, akigombana na kile kitufe, Mwanamwema aliposhuka kutia maji ya chai. Akafungua friji kuchukua maziwa. Lebo ya Miska ilikuwa imelowa unyevu, imebanduka, inaning'inia kwa pembe moja.

Angeibana kwa kidole gumba, ingeshika. Aliunyosha mkono kwa nia hiyo hasa. Lakini macho yake yakatua kwenye ule mkia uliozungushwa ukawa ua. Akaivuta lebo, akaitia mfukoni.

Alikuwa bado amesimama pale, mlango wa friji ukimpulizia baridi tumboni, Nitin alipoingia na mfuko mweusi wa taka. Akaanza kazi yake. Nusu ya piza, twende. Maziwa ya wiki iliyopita, twende. Kisha akazishika zile koni kumi.

"Dada, hii mehndi, hii hina. Ile nyingine ina jina yako. Hii pia yenu?"

Mwanamwema, ambaye sentensi moja ilimshinda kutoka Leicester mpaka London, safari hii alijibu upesi.

"Si yetu."

"Kweli? Ni nzuri, nasikia harufu."

"Si yetu, kaka."

"Haya. Pole kwa mwenyewe." Koni kumi zikaingia mfukoni juu ya ile piza.

Mwanamwema akaketi, akanywa chai yake, haikuwa na ladha yoyote. Kichwani alikuwa na hesabu nyepesi kabisa. Miska hana hina, kwa hiyo Miska hachori. Atachora nani basi?

Miska aliposhuka, kilemba cha taulo kichwani, Nitin alikuwa amekwisha kutoka kazini na gari la taka limepita. Alifungua friji, akaifunga, akaifungua tena kana kwamba koni zingerudi kwa kuona haya. Akakimbia mapokezi. Akarudi, akakaa chini sakafuni, taulo likamwangukia mabegani.

"Zimetupwa, Mwanamwema! Koni zangu kumi! Na lebo niliandika, hukuniona nikiandika?"

"Nilikuona."

"Twende tukanunue za dukani. Edgware Road zimejaa tele." Akampigia Mama Afra, na sauti ya mama ikasikika mpaka mezani. Ya dukani asiletewe, mpwa wake alitoka malengelenge mikono yote miwili kwa dawa wanazotia humo. Na kukoroga upya, hina ingehitaji kulala usiku kucha ndipo itoe rangi.

Mwanamwema akangoja. Alijua Miska atageuka amwambie, mchore wewe. Alikuwa amekwisha kuitengeneza sura ya kushangaa.

Miska akajifuta machozi kwa ncha ya taulo, akasimama, akafungua friji, akautoa mfuko wenye koni sita.

"Afadhali hii ipo. Nitamchora kwa hii."

"Lakini... hiyo yangu."

"Yako si yangu? Tangu lini tumeanza kugawana, wewe?" Akambusu shavuni. "Mashangazi watanisamehe. Wewe utanishikia kiwiko cha bi harusi."

Baada ya sala ya Ijumaa wakawa kwa Mama Afra, ghorofa ya tatu, zulia halionekani kwa wingi wa wanawake. Udi ulikuwa ukifuka, halua inazunguka kwenye sinia. Bi harusi alikuwa mzaliwa wa London. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na mashangazi wakimjibu kwa Kiswahili, wakaelewana hivyo hivyo. Mkono wake ukawekwa juu ya mto. Mwanamwema akashika kiwiko, akainamisha uso, na rohoni akawa anawaka. Hina ni yake, mti ni wake, mwanafunzi ni wake, na yeye amekuwa mto wa pili.

Miska akaibana koni. Hina haikutoka. Akabana zaidi, ikachomoza kama mnyoo. Akaipangusa kwa pamba, akaanza upya. Mkono wake ulizoea hina inayokimbia yenyewe, na hii ilikuwa haikimbii. Tawi likawa kamba, na jani likawa doa.

"Mwanangu," akasema shangazi mmoja aliyeketi kwenye kochi, "huo ni mti wa asumini au mkonga wa ndovu?"

Zulia zima likacheka. Mama Afra hakucheka. Alisogea, akautazama mkono wa bintiye, kisha akamtazama Miska, na Miska, mwenye mdomo wa watu wawili, hakupata hata neno moja. Jasho lilimtoka chini ya mtandio. Akapangusa mara ya tatu, ngozi ya bi harusi ikabaki na kivuli cha rangi ya chungwa.

"Shika wewe," akasema bila kumtazama mwenzake.

Mwanamwema akaipokea koni. Ilikuwa imepata joto la mkono wa Miska. Akavuta pumzi, akabana, na hina ikatoka nzito, taratibu, kama inavyotakiwa. Akapitisha shina juu ya kile kivuli cha rangi ya chungwa, kosa likawa gome la mti. Hakusikia tena kelele za watu. Akachora mpaka alasiri ikaingia, akamalizia na mwezi mwembamba katikati ya kiganja.

Afra aliinua mkono kwenye mwanga wa dirisha. Kwa mara ya kwanza siku ile akasema Kiswahili.

"Ndiyo hii. Hii ndiyo ya kwenye picha."

Vichwa vikageuka. "Kumbe ni wewe!" Mama Afra akasema, akamshika Mwanamwema kidevu na kumwinua uso. "Mbona hukusema, mwanangu?"

Mwanamwema alitupa jicho pembeni kumwona Miska, maana alitaka kuona. Miska alikuwa akichuma nyuzi za zulia, mdomo umemlegea, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Mwanamwema alikijua vizuri kwa kuwa alikuwa amelala nacho miaka mitatu. Akaona raha. Raha ilimpanda mpaka masikioni.

Waliporudi wakapita kwenye mikahawa ya Waarabu, wazee wamekaa nje na shisha zao. Kwenye taa za kuvukia Miska akasema, "Picha Mama Afra hataki itoke kabla bwana harusi hajaiona. Lakini ikitoka, nitaandika jina lako. Jina lako peke yake. Ni haki yako, nilikosea."

Sentensi aliyoikariri saa mbili na nusu, Miska ameisema mwenyewe. "Ahsante," Mwanamwema akajibu, na mkono wake ukaenda mfukoni, ukakutana na ile lebo, ukatoka.

Usiku wa Jumamosi, baada ya harusi, Miska alimwambia, "Lala chini leo, mgongo wako." Mwanamwema akakataa. Alipanda kingazi chake na hakupata usingizi upesi.

Jumapili walikuwa wakila mkate kwa jemu, masanduku miguuni, basi lao likiondoka saa sita. Simu ya Miska ikalia. Afra ametoa ruhusa. Miska akaiweka picha, akaanza kuandika, na Mwanamwema akaegemea bega lake. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, lakini jina lake alilijua hata likiandikwa gizani. Hina ya M, w, a, n, a, m...

Nitin alikuwa akifuta meza. Akachungulia simu.

"Ah! Safi kabisa! Kumbe hii mehndi kazi yenu? Ijumaa mimi natupa mfuko mzima, naona uchungu sana. Nauliza huyu dada mara mbili, anasema si yetu. Kama yenu, mimi ningeweka pembeni."

Kidole cha Miska kikasimama juu ya kioo.

"Ulimuuliza huyu?"

"Ndiyo, dada. Mara mbili."

Nitin akaona nyuso zao, akalichukua tambara lake, akaenda kufuta meza nyingine iliyokuwa safi. Miska akageuka. Hakupiga kelele, na Mwanamwema, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele tangu Ijumaa, hakujua afanye nini na ukimya. Akatia mkono mfukoni, akaitoa lebo iliyokunjamana, akaiweka mezani kati ya makombo ya mkate.

Miska akaisoma. Akalisoma jina lake, mkia wake, ua lake. Kisha akarudi kwenye simu, akaanza kufuta, herufi moja moja, bila haraka, na simu hakuiondoa machoni pa mwenzake. Ikaenda m. Ikaenda a. Ikaenda n, na a, na w. Ile herufi ya kwanza aliiacha, maana ilikuwa yao wote wawili. Akaongeza nne mbele yake.

Hina ya Miska.

"Una neno?" akauliza, kidole kikingoja.

Mwanamwema aliutazama mti wake wa asumini, kila jani lake, na ule mwezi katikati ya kiganja.

"Sina."

Miska akabonyeza. Simu ikaanza kulia pale mezani, sifa juu ya sifa, na kila sifa ilitaja jina la Miska.