Mdomo wa Shati Jekundu

Théophile hakuwa na meno ya juu. Hakuwa na mke tangu kipindupindu kilipopita Kabambare, wala mtoto aliyebaki karibu, wala saa inayotembea. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa na miaka thelathini na mmoja, katika masomo ya jioni ya parokia, akibanana benchi moja na vijana waliokuwa wakimcheka. Hakuwa na gari la kumpeleka Kasongo, na hata angekuwa nalo, hapakuwa na barabara ya kulipitisha. Hakuwa na picha hata moja ya rafiki yake Moustapha, aliyefariki mwezi mmoja uliopita. Na subira, ambayo watu husema huja na mvi, kwake haikuja: mvi zilifika, subira ikabaki njiani.

Redio alikuwa nayo. Na Jumamosi ile redio ndiyo iliyomchokoza.

Kila Jumamosi saa nane mchana, redio moja ya Kasongo ilikuwa na kipindi cha kuwakumbuka watu wa filamu na muziki waliokufa. Mtangazaji wake aliitwa Pitchou, na hewa ikikubali, sauti yake ilifika hadi Kabambare. Wiki hiyo habari zilikuwa zimefika kwamba huko India amekufa mwigizaji mmoja mzee, ambaye watu wote, kuanzia Nyangwe hadi Lusangi, walimjua kwa jina moja tu: Shati Jekundu.

“Wapendwa wasikilizaji,” alisema Pitchou, na sauti yake ilikuwa imelowa, “ni nani hapa kwetu asiyejua maneno yake pale alipopiga magoti mbele ya maiti ya mama yake? ‘Mama, sasa nikichelewa, nani ataniuliza nilikuwa wapi?’ Mimi mwenyewe mwaka jana, nilipomzika mama yangu, nilikosa la kusema. Nikasema maneno ya Shati Jekundu. Aksanti, mzee. Wewe ndiye uliyetufundisha kulia.”

Théophile alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

“Mwizi!” aliifokea redio. “Mwizi wa maneno ya marehemu!”

Kwa maana Shati Jekundu hakuwahi kusema hivyo. Shati Jekundu alisema Kihindi, na tangu dunia iumbwe hapakuwa na mtu Kasongo aliyejua Kihindi. Maneno yale yalikuwa ya Moustapha.

Miaka tisa Théophile na Moustapha walizunguka na mashine ya sinema ya mfanyabiashara mmoja. Théophile aliendesha mashine na kuunga mikanda iliyokatika. Moustapha alisimama kando ya shuka jeupe, na bomba la bati mdomoni, akiwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata farasi. Mchana wa Jumapili walikuwa wakiziba madirisha ya ukumbi kwa magunia ya kahawa ili pawe na giza. Hakuna aliyewapa karatasi ya maneno. Moustapha alitazama filamu mara moja tu, peke yake na Théophile, kisha akaamua nani anasema nini. Mkanda ukikatika, yeye hakukatika. Aliendelea kusema gizani, na watu walikaa wakimsikiliza kama vile picha bado iko pale.

Sasa amekufa, na redio haikutaja jina lake hata siku moja. Wiki nne Théophile alingoja. Walitajwa Wafaransa, walitajwa Wachina, alitajwa mwanamke wa Misri. Moustapha, mtoto wa Nyangwe, hapana.

Jumatatu alfajiri alipanda pikipiki ya Gaston, motari wa makamo aliyezoea matope ya njia ile.

“Papa Théo, nishike kiunoni,” Gaston alimwambia. “Ukishika hasira yako tu, utaanguka. Hasira haina mukanda.”

“Endesha, wee. Sikukodi padri.”

“Haya, Papa. Lakini mutu mwenye meno machache asifunge mdomo kwa nguvu vile. Njia iko na mashimo, utajing'ata ufizi.”

Walifika Kasongo siku ya pili, wote wawili rangi moja ya udongo.

Jumatano asubuhi Théophile alioga, akavaa koti lake la kijivu na kwenda redioni. Mlangoni palikuwa na ubao: MATANGAZO YA MSIBA YANASOMWA YALIVYOANDIKWA. Sababu yake kila mtu aliijua. Zamani msomaji mmoja aliona orodha ya wafiwa ni ndefu, akaruka jina la mjomba mmoja, na familia mbili zikapigana matangani kwa michi ya vinu. Tangu siku ile hata nukta haikuachwa. Théophile alipokuwa akingoja alimsikia Pitchou, ndani ya chumba cha sauti, akisoma tangazo la mtu wa watu, majina arobaini na kitu, bila kumeza hata moja.

Pitchou alipotoka alikuwa kijana mnene, mwenye adabu.

“Jambo, Papa. Ulileta tangazo?”

“Nimekuja kukuuliza kwa nini humtaji Moustapha.”

“Moustapha gani?”

Hapo ndipo damu ilipompanda mzee. “Gani? Yule aliyesema filamu! Baba yako alimlilia na kumcheka miaka tisa, nawe unaniuliza gani?”

“Aa, yule wa bomba la bati!” Pitchou alitabasamu. “Papa, usikasirike. Kipindi changu iko kwa wasanii. Filamu yake iko wapi? Kaseti yake iko wapi? Yule alikuwa wa kueleza tu. Nikianza kutaja waelezaji, kesho muuza karanga wa mlangoni naye atataka.”

“Shati Jekundu unayo filamu yake?”

“Iko hapa, ndani ya kompyuta.”

“Weka. Weka pale anapopiga magoti.”

Wafanyakazi wa redio walisogea. Pitchou alitafuta, akapata. Shati Jekundu alipiga magoti mbele ya maiti ya mama yake, mvua ikinyesha mlangoni. Nyuzi za muziki zililia. Alimgusa mama yake mguu. Alimtazama. Picha ikamsogelea usoni, na midomo ilikuwa imefungwa. Muziki ukaendelea, midomo imefungwa. Kisha akasimama, akatoka nje mvuani, na hakuwa amesema hata neno moja.

“Rudisha,” alisema Pitchou.

Wakarudisha. Midomo haikufunguka.

“Umeona?” Théophile alisema. “Ni nani aliyekufundisha kulia, sasa? Mtaje!”

Aliamini amekwisha kushinda. Lakini alikuwa ameitazama kompyuta na hakumtazama kijana. Uso wa Pitchou ulikuwa umebadilika.

“Kwa hiyo alitudanganya,” Pitchou alisema polepole.

“Nini?”

“Alitudanganya! Mimi nilisimama juu ya kaburi ya mama yangu, mbele ya shangazi zangu wote, nikasema maneno ambayo hakuna aliyeyasema! Nimemzika mama yangu na uongo wa mutu mwenye bomba la bati!” Alipiga meza. “Vizuri, Papa. Unataka nimtaje? Nitamtaja. Jumamosi hii, kipindi kizima. Mwongo wa bomba la bati. Watu wajue.”

Théophile alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa lake la kutoa, alikuwa ameapa. Basi akatoa matusi badala yake, ya Kiswahili kwanza, kisha ya Kibangubangu, na mlinzi akamshika mkono akamtoa nje kama mlevi. Uani aligeuka na kuapa tena: mguu wake hautakanyaga mahali pale.

Alikwenda moja kwa moja katika mtaa wa Waislamu, nyumbani kwa Djamila, mjane wa Moustapha. Alimkuta anapepeta mchele wa arobaini, iliyokuwa imepangwa Jumapili. Djamila alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha ungo.

“Shemeji,” alisema alipomaliza, “nilikuomba kitu kimoja kwa simu. Jina lake lisomwe, ndugu zake wa Nyangwe wajue siku. Ndiyo nilivyosema?”

“Ndiyo.”

“Nawe umewapelekea fimbo ya kumpigia. Jumapili wageni watakaa hapa, kwenye mikeka yangu, na kila mmoja atakuwa amesikia jana yake kwamba mume wangu alikuwa mwongo. Binti yangu Amisa ataitwa mtoto wa mwongo kisimani. Hasira yako, shemeji! Tangu ujana inatangulia mbele, akili inafuata na fimbo ya kipofu.”

Mtu mwingine angemwambia hivyo, Théophile angeondoka. Kwa Djamila aliinamisha kichwa, na hasira yake, iliyokuwa imemkimbilia Pitchou siku nne, ikageuka ikamrudia mwenyewe.

“Kuna jambo nilimwapia marehemu kwamba sitalisema,” alisema. “Nipe ruhusa wewe.”

Djamila aliweka ungo chini.

“Mama yake alipofariki Nyangwe, alikuambia yeye alikuwa wapi?”

“Kabambare, na malaria. Hakuweza kusimama. Ndugu zake wote wanajua hivyo.”

“Hakuwa na malaria. Habari ilikuja kwa fonia ya misheni, ile redio ya upepo, siku ya Alhamisi, na mimi ndiye niliyeipokea. Alitaka kuondoka saa ileile. Nikamshika koti. Nikamwambia: wamekwisha kumzika, ninyi Waislamu hamlazi maiti, utakwenda kukuta udongo. Watu wametoka Lusangi kwa miguu kuja kuona Shati Jekundu. Sema filamu hii, kisha uende.” Alipangusa mdomo. “Jumapili akasimama kando ya shuka. Tulipoitazama ile filamu mara ya kwanza, pale penye maiti alikuwa amesema, ‘Hapa tutanyamaza, Théo, hapa picha inatosha.’ Lakini siku ile hakunyamaza. Aliweka bomba chini, akasema kwa sauti yake mwenyewe. Ukumbi mzima ulilia, wakidhani wanamlilia mama wa Mhindi. Baadaye aliona haya kwa ndugu zake, tukatunga malaria.”

Kuku alikuja kwenye ungo, akala punje mbili za mchele, Djamila hakumfukuza.

“Alinificha miaka yote hiyo,” alisema. Sauti yake ilikuwa kali, lakini haikuwa kali kwa Théophile peke yake. “Hata mimi. Naye kila akisikia watu matangani wanasema maneno yale, alikuwa anatoka nje. Mimi nikidhani ni maringo.” Alisogeza ungo kando. “Tangazo la arobaini bado halijaandikwa. Hati yako ni nzuri kuliko ya Amisa. Andika.”

“Niandike nini?”

“Wanasoma lilivyoandikwa, sivyo? Basi usiniulize nini.”

Théophile aliomba karatasi yenye mistari, akavaa miwani, akaandika mezani uani, jua likiwa bado juu. Alichana karatasi mbili kwa sababu alikuwa akibonyeza kalamu kama anachimba. Ya tatu ikasimama. Akamsomea Djamila:

“‘Familia ya marehemu Moustapha wa Nyangwe, mke wake Djamila na binti yake Amisa, inawatangazia ndugu na rafiki wa Kasongo, Kabambare, Nyangwe na Lusangi kwamba arobaini yake itasomwa Jumapili nyumbani kwake. Wafiwa wengine ni hawa: Shati Jekundu wa India, aliyemfuata marehemu mwezi huu, Mfaransa mnene aliyekuwa akianguka ngazini, Mchina wa panga mbili, yule mama wa Misri mwenye kilio kirefu. Wote wamekwisha kufa. Wote walifika kwetu mabubu, na Moustapha akawapa mdomo.

“‘Mfiwa mwingine ni mtangazaji anayesoma karatasi hii, kwa sababu mama yake alizikwa kwa maneno ya marehemu. Asiseme alidanganywa. Maneno yale yalisemwa Kabambare na mtoto ambaye mama yake alizikwa Nyangwe siku tatu kabla, naye hakuwepo. Hakuwa mgonjwa. Alizuiwa. Ndugu zake wa Nyangwe wamsamehe. Aliyemzuia ni mimi, Théophile, mwendesha mashine. Anayetafuta mwongo wa kumtaja kwa redio, anitaje mimi. Nipo hapa kwa marehemu, sijakimbia.’”

“Ongeza kwamba waje na mikeka yao,” alisema Djamila. “Yangu haitoshi.”

Aliongeza. Alitia sahihi, jina lote, na mstari chini yake kama alivyofundishwa na mwalimu wa jioni. Gundi haikuwepo; Amisa alileta kipande cha bukari, ugali wa muhogo, bado cha moto, na Théophile akapaka ukingo wa bahasha kwa kidole, akaubana, akaupiga ngumi moja ambayo bahasha haikuihitaji. Kisha akamwita Gaston, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake nje akila ndizi ya kuchoma.

“Mpe Pitchou mkononi. Si mlinzi, si mwingine. Mwambie ni tangazo la msiba, Jumamosi, kabla ya kipindi chake.”

“Na akiuliza limetoka kwa nani?”

“Mwambie afungue asome. Yeye si ana mdomo?”

Gaston alipangusa vidole kwenye suruali, akaiweka bahasha ndani ya shati, akafunga vifungo hadi shingoni. Akapiga teke pikipiki, ikawaka mara ya tatu, akaondoka.