Mlima wa Likasi Nyuma ya Makaburi ya Evere

Jumapili ya kwanza ya Oktoba lifti ya jengo lao ilikuwa imeharibika tena. Donat alibeba kigari cha mtoto kwa mikono hadi chini, na mkewe Berthe akamfuata na mtoto wao Hadassa mgongoni. Mbele ya masanduku ya barua Berthe alisimama, akafunga upya kikwembe cha kumbebea, akauliza wanakwenda wapi.

"Parc Josaphat," Donat alisema. "Majani yamegeuka. Kule ni muzuri sana."

"Josaphat tulienda. Papa Hadassa, bamama bote ya crèche, kule tunaacha mutoto, wanaenda kwenye mulima. Photo zote ni za mulima. Ni siye tu, bantu ya Likasi, hatujafika. Si ni haya?"

"Kuna matope."

"Kwetu hakukuwa matope?"

Hata hivyo walikwenda Josaphat. Majani ya kule yalikuwa ya manjano na yalianguka vizuri.

Mlima ulikuwa umefika mwishoni mwa Septemba. Ulisimama nyuma ya makaburi ya Evere, mjini Brussels, mahali palipokuwa na shamba la viazi sukari, na ulikuwa mlima ule ule unaoonekana ukiwa mtaa wa Panda, mjini Likasi, huko Kongo. Miti yake ya miombo ilikuwa imetoa majani mekundu, kama inavyofanya huko kila mwaka kabla ya mvua. Waliopiga simu Likasi waliambiwa kwamba mlima uko mahali pake na hakuna aliyeugusa. Manispaa iliweka mapipa ya taka na benchi. Ndege zinazotua uwanja wa Zaventem zilipinda kidogo. Madereva wa basi walilalamika kwa sababu ya udongo mwekundu kwenye sakafu, wakaletewa mikeka. Aliyepanda hadi kileleni aliona paa za Likasi na moshi wa jikoni, lakini akishuka upande ule alijikuta kwenye maegesho ya magari ya duka la samani, akalazimika kurudi kwa basi.

Wabelgiji walikuja na kamera. Walidhani majani yanakufa. Tonton Kalenga, mkubwa wa chama cha watu wa Likasi mjini Brussels, aliwaeleza wachache waliomsikiliza kwamba kwenye miti ile majani mekundu ndiyo machanga, na kwamba yakikua yanakuwa ya kijani. Walimshukuru, wakaendelea kupiga picha.

Kalenga ndiye aliyemwona Maman Victorine. Alimkuta amekaa juu ya jiwe, nusu ya njia ya kupanda, na miguu yake ameinyoosha mbele. Walisalimiana. Maman Victorine alikuwa mama mzazi wa Berthe, na alikuwa amefariki Februari.

"Mwambie muko wangu aniletee mutoto," alisema, maana kule Katanga muko ni mkwe. Kalenga alifikisha salamu kwa Donat kwa sauti ndogo, nje ya kanisa.

Berthe hakujua kwamba mama yake amefariki. Habari ilipofika, alikuwa amelazwa kwa sababu ya presha, mimba ikiwa kubwa, na daktari alikuwa amekataza asishtuliwe. Kwa watu wa kwao kifo hakisemwi kwenye simu. Wakubwa wanafika nyumbani asubuhi, wamevaa nguo nyeusi, wanamwambia mtu akae chini, na akiwaona tu mlangoni ameshaelewa. Waliamua kungoja mtoto azaliwe. Hadassa alipozaliwa, walingoja Berthe apate nguvu. Mwezi wa tano Kalenga na wazee wenzake walikwenda, lakini kwa kuogopa kumshtua walikwenda alasiri, wamevaa mashati ya rangi, wamebeba chupa ya juisi. Walikuja kama wageni, na Berthe akawapokea kama wageni. Aliwapikia ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, akawaonyesha mtoto, akawaimbia wimbo ambao mama yake alikuwa akimwimbia. Wazee walikula, wakashukuru, wakaondoka.

Tangu hapo ilikuwa vigumu kujua siku inayofaa. Dada yake Berthe aliyeko Likasi, Tatiana, alisema mama yuko shambani upande wa Kambove, ambako hakuna réseau ya simu. Mara kwa mara alimtumia ujumbe wa sauti ambao mama alikuwa ameurekodi zamani, akichagua ule unaofaa siku yoyote. Mmoja ulisema, "Berthe, vaa muzuri, huko ni baridi." Ulifika katikati ya joto la Julai.

"Mama anaanza kusahau miezi," Berthe alisema, akacheka.

Kwa hiyo Donat alimpeleka kuangalia majani kila mahali pengine. Walikwenda msitu wa Soignes, ambako miti mirefu ilikuwa ya rangi ya shaba. Walikwenda Tervuren, wakazunguka maziwa. Alisoma kuhusu miti jioni, akajua mti upi unageuka kwanza na upi unachelewa, na watu wa kanisani wakaanza kumuuliza wapi pa kwenda na watoto. Aliwajibu kwa uangalifu, pamoja na namba ya tramu. Mlimani hakumwelekeza mtu.

Mwishoni mwa mwezi Kalenga alimshika mkono baada ya ibada.

"Donat, mulima unaanza kuwa vert, kijani. Majani yakimaliza kukomaa, mulima utaenda zake. Maman Victorine ameuliza tena. Anasema, 'Muko wangu ananiogopa hata sasa?'"

"Tonton, kuja basi umwambie Berthe. Weye ndiye mukubwa."

"Miye nilikuja," Kalenga alisema, akitazama viatu vyake. "Nilikuja na nikakula."

Donat aliona afadhali mara kumi Berthe aambiwe na mtu yeyote kuliko kuambiwa na mama mwenyewe, wima, mlimani, mbele ya watu wenye kamera, na kuelewa papo hapo kwamba mumewe na kanisa zima walijua. Alijua pia kwamba mtu huyo yeyote alikuwa yeye.

Jumapili iliyofuata Berthe hakuuliza wanakwenda wapi. Alikuwa amesukwa nywele upya, akavaa kikwembe cha manjano, akapanda basi na mtoto. Donat alikimbia, akaingia kabla mlango haujafungwa, akakaa karibu naye.

"Berthe, kuna neno."

"Si ni matope tena?"

Mama mmoja Mkongo aliyekaa nyuma alicheka. "Papa, acha maman aone mulima. Matope haiumi muntu."

Walishuka kwenye kituo cha makaburi.

Mlima ulikuwa wa kijani karibu wote. Wekundu ulibaki juu kidogo, na watu walikuwa wachache. Maman Victorine alikuwa amekaa kwenye jiwe lake.

"Mama!" Berthe aliita. "Kumbe ulikuja na mulima! Na Tatiana ananiambia uko Kambove!"

Alipanda haraka. Donat alibaki chini, kando ya mti, ameugeuza uso, kwa sababu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake wala hamtazami machoni wala kusemezana naye. Hakusikia yote. Kwa pembe ya jicho alimwona Maman Victorine. Alizitazama nywele za binti yake zilizosukwa, kisha kikwembe cha manjano, bila kitambaa cheusi cha msiba popote. Aliangalia kwa muda mrefu. Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa hai, aliinua macho akamtazama mkwe wake moja kwa moja. Donat alitazama ardhi.

Berthe alimfungua mtoto mgongoni, akamnyoosha mbele. Maman Victorine aliingiza mikono yake ndani ya kikwembe chake.

"Mikono yangu ni chafu," alisema.

"Mama, niko na lingettes." Berthe alitoa pakiti ya vitambaa vya kumfutia mtoto. "Twaa, pangusa."

"Hapana, mwanangu. Mara ingine."

Berthe alibaki amemshika mtoto hewani. Hadassa alipiga miguu, akacheka na bibi yake. Maman Victorine alicheka naye, mikono ikiwa bado imefichwa. Walizungumza kidogo, kuhusu meno ya mtoto. Kisha mama aligeukia mti uliokuwa karibu, akauambia kwa sauti ya kusikika chini, "Mwambie muko wangu mutoto ni muzuri. Mwambie nimeona yote."

Wakati wa kurudi, Berthe alikaa dirishani. Basi lilipita makaburi.

"Amenikatalia mutoto," alisema. "Ananikasirikia. Ni ju sikwenda kumuona, miaka na miaka. Sivyo?"

"Hapana."

"Alors ni nini?"

Donat alikuwa na sentensi. Ilikuwa fupi. Basi lilisimama, watu wakapanda, mkeka ukajaa udongo, na mlango ukafungwa.

"Alikuwa amechoka," alisema.

Berthe aliitikia kwa kichwa. Baada ya kitambo alisema kwamba miguu ya mama ilikuwa bila viatu, na pengine ndiyo sababu, mtu hafurahi akiwa pekupeku. Angemtafutia viatu vizuri, vya ngozi, ili wapatane.

"Anavaa numero trente-huit," alisema. "Ama trente-neuf?"

"Tutamuuliza Tatiana," Donat alisema.

Jumanne mlima haukuwepo. Shamba la viazi sukari lilirudi mahali pake, na manispaa iliacha benchi. Berthe alinunua viatu, akavifunga mwenyewe, na Donat akavipeleka kwa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Likasi. Novemba ilipokwisha Tatiana alipiga simu. Berthe alimuuliza mara mbili kama vimemtosha mama, na Tatiana akajibu kwamba vimemkaa vizuri.