Msiba wa Mzee Wambura

Jumamosi ile Flaviana alifagia ukumbi mwenyewe, akapanga viti, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akakaa mlangoni kungoja watu. Ukumbi ulikuwa chini ya duka moja huku ughaibuni, mtaa wa Shaw. Zamani duka lilikuwa la kinyozi, lakini mwaka huo wa 2006 lilikuwa linauza divai, na kodi ya mtaa mzima ilikuwa imepanda pamoja na divai hiyo. Mwenye nyumba alikwisha sema: mwisho wa mwezi kodi iwe imelipwa, la sivyo kufuli.

Flaviana alikuwa amekwenda kwa Khalfan, mwenyekiti wa jumuiya, kumwomba Waswahili wakichangie kikundi chake cha maigizo. Khalfan alimkaribisha vizuri, akampa juisi. "Dada yangu, maigizo ni starehe," akamwambia. "Watu wana majukumu. Tutaona." Na "tutaona" ya Khalfan kila mtu anaijua.

Basi jioni watu wakaja, wachache, wengi wao wake na waume wa waigizaji. Laurean, dereva wa teksi, aliigiza Mzee Wambura wa kijiji cha Itundulu, kijiji ambacho Flaviana alikibuni ndani ya basi akitoka kazini Annandale. Mwisho wa mchezo mzee anafia mikononi mwa mkewe, naye mke ni Séraphine wa Bukavu. Siku hiyo mzee alikufa vizuri kuliko siku zote. Watu wakapiga makofi, Laurean akainuka, akainama kushukuru.

Mzee Wambura hakuinuka. Alibaki amelala palepale jukwaani, na ndevu nyeupe ambazo Laurean hana.

Laurean akamgusa shavu. "Huyu kafa kweli," akasema. "Ngojeni nimvue viatu, ni vyangu."

"Mungu yangu!" Séraphine akaketi chini. "Bwana yangu, unaniachia nani?" Akalia kwa sauti, maana marehemu hakuwa na mjane mwingine.

Msiba haufichwi. Flaviana akampigia Khalfan simu, naye hakuuliza mengi, aliuliza tu marehemu ni mwenyeji wa wapi.

"Itundulu."

"Ni mbali. Itabidi asafirishwe."

Kesho yake ukumbi ulifurika hadi kwenye ngazi. Watu walitoka Manassas, walitoka Maryland, wengine na sare za kazi. Wakongo walileta sombe, kisamvu chao, Mkenya mmoja, Jepkosgei, akaleta chapati, wanawake wa Kitanga wakaja na sufuria za pilau. Bahasha zilijaa kapu. Walikuwepo waliotuma salamu za pole kwa simu, kisha wakaona haya, wakaja wenyewe.

"Ukumbi mzuri huu," mama mmoja akamwambia Flaviana. "Huwa mnafanya nini humu?"

Jeneza likapatikana, na nafasi ya ndege, na bado kapu lilikuwa zito. Kufa kufaana, Flaviana akajisemea, akamvuta Khalfan pembeni. "Kaka, kitakachobaki tulipie kodi. Marehemu alikuwa mtu wetu."

"Astaghfirullah! Pesa ya maiti, dada?"

Kilichobaki kikasafiri na jeneza, kwa ajili ya matanga. Baada ya siku chache ndugu wa Itundulu walipiga simu kushukuru. Mzee amefika salama, wamemzika karibu na mama yake. Wakauliza tu, kwa upole, mbona hana viatu.

Ilimuuma Flaviana. Alifurahi mzee kupata kaburi, tena alimwandika mwenyewe, lakini iliuma, na hakuwa na wa kumlaumu kwa sababu kila mtu alikuwa ametoa.

Mwezi ukaisha, mwenye nyumba akaja na kufuli. Flaviana akampigia Khalfan, si kumwomba chochote, kumpa habari tu. "Wametufungia. Kikundi kimekufa, kaka."

"Innalillahi," Khalfan akasema. "Lini?"

Alasiri mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya mlango uliofungwa. Wazungu wenye mbwa walipita kando kando ya sufuria. Séraphine alilia tena, safari hii bila kuigiza, na watu waliokuwa hawajaona mchezo hata mmoja walimshika mkono Flaviana, wakamwambia kikundi kilikuwa nguzo ya jumuiya, wengine machozi yakiwatoka kweli. Kapu likazunguka, likarudi limejaa kuliko la Mzee Wambura. Mwenye nyumba alikuwa palepale juu, dukani, anaonja divai.

Flaviana akainuka. "Kaka Khalfan, hizi zinatosha kodi ya mwaka. Nipande sasa hivi, nimlipe, afungue."

Khalfan alimtazama kwa huruma, jinsi mfiwa anavyotazamwa anapoanza kusema yasiyoeleweka.

"Kodi ya nini tena, dada? Kikundi si kimeshatutoka?" Akamwekea sahani mapajani. "Kula kidogo, upate nguvu."

Pilau ilikuwa imeiva vizuri. Flaviana akanawa, akala.