Kompyuta Isiyo na Kifuniko

Yule muuzaji wa kompyuta hakuwa na habari na mke kabisa. Mke anauliza, muuzaji anamjibu mume.

"Kama shemeji anahariri video na kuandika programu," alimwambia mume, "achukue laptopu. Nyepesi, anafanyia popote."

"Umesikia?" mume akadakia. "Popote!"

Mke akasaga meno. Popote! Miaka sita alikuwa akifanyia kazi kwenye hiyo popote yao. Video za harusi alizihariri kwenye meza ya kupigia pasi, programu za zahanati akaziandikia kitandani mgongo umepinda kama ndoano. Na ya mwezi uliopita ndiyo ilikuwa kiboko. Aliiacha laptopu sebuleni ikimalizia video ya mahafali, kazi ya saa tano, mteja anaisubiri. Mama mkwe akapita, akafunga kifuniko, akaweka sinia la chai juu yake. Laptopu ikalala usingizi wa pono, video ikakatikia njiani. Mteja akaenda zake na hajarudi mpaka leo. Mume alisema nini? "Mama hakujua bwana, usikuze mambo."

"Hebu niangalie mimi!" mke alimwambia muuzaji, na wateja wengine wakageuka. "Kazi naifanya mimi, si huyu. Video ikiwa ndefu, laptopu inapata moto, inaanza kujikokota. Hiyo kompyuta ya mezani inapumua vizuri, memori nitaongeza nikitaka, na nitaweka skrini mbili, huku naandika programu, huku naona inavyofanya kazi. Siendi nayo kokote. Nataka kukaa!"

"Sawa, mama, lakini itawekwa wapi?" mume akauliza, kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto.

Itawekwa wapi! Nyumba yao ina vyumba vitatu. Kimoja chao, kimoja cha mama mkwe, na cha tatu, chenye dirisha kubwa na soketi nne ukutani, kina kitanda cha wageni kilichotandikwa shuka la maua. Mgeni wa mwisho kukilalia alikuwa binamu wa mume, miaka miwili iliyopita, tena usiku mmoja tu. Yaani kitanda kina chumba, yeye hana!

"Nifungie ya mezani," alimwambia muuzaji. "Na skrini zote mbili."

Walipofika nyumbani hakumngoja mtu. Aliingiza maboksi mwenyewe, moja moja, mpaka chumba cha wageni. Akalivuta lile shuka la maua, akalisimamisha godoro ukutani, akachukua bisibisi na kuanza kukifungua kitanda. Mama mkwe akatokea mlangoni na sinia lake la chai. Akaangaza macho akitafuta pa kuliweka, asipaone, akabaki amelishika.

Mume akaja nyuma yake, anahema.

"Wewe mwanamke, umerukwa na akili? Sasa wageni wakija watalala wapi?"

Hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa amebakiza skrubu moja tu, nayo ilikuwa imeshika kutu. Akaikaba kwa bisibisi mpaka ikaachia.

"Popote," akasema.