Kipimo cha Asubuhi

Dada mtu alikuwa muuguzi mstaafu. Mdogo wake, fundi cherehani ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda, aliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kukatwa uvimbe wa ini, dada hakungoja kuitwa. Alihamia kwake siku hiyohiyo. Wifi yake, mke wa Kitinda, alimpokea kwa machozi. Hakujua pa kuanzia.

Kazi ikaanza. Chumvi ilipunguzwa jikoni hadi Kitinda akalalamika kwamba analishwa maji ya kunawa. Alikula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Kidonda kilisafishwa na kufungwa upya. Walitembea wameshikana mikono, kwanza hadi kwenye cherehani, kisha mlangoni, wiki ya tatu hadi barabarani na kurudi. Na kila asubuhi dada alimzungushia utepe wa kupimia nguo tumboni, usawa wa kitovu, kuangalia kama maji yanajaa.

"Hiyo suti unamshonea nani?" Kitinda alimtania.

Mwezi wa kwanza tumbo lilipungua. Daktari alisema ini lililobaki linamea vizuri. Wifi akaanza tena kuimba jikoni.

Kisha asubuhi moja utepe ukaonyesha nusu inchi zaidi. Kesho yake, inchi nzima. Dada akamgeuza mdogo wake kwenye mwanga wa dirisha, akaona weupe wa macho umeingiwa na umanjano. Miaka thelathini wodini ilimtosha. Lakini alitaja kipimo cha zamani. Siku nne alisema uongo ule, uso mkavu, kisha akaenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi.

Siku ya tano Kitinda alimshika kiganja.

"Dada, utepe huu nimeushika tangu ujana. Ukinizungushia tu, najua."

Dada akauacha utepe uanguke.

"Mficha maradhi kilio humuumbua. Si wewe uliyenifundisha?"

Ndipo akamwambia yote, ameketi sakafuni, kichwa magotini pa mdogo wake. Mgonjwa ndiye aliyembembeleza muuguzi.

Walirudi hospitali. Picha zilionyesha ugonjwa umesambaa. Hapakuwa tena na cha kukata. Daktari alieleza taratibu habari za dawa za maumivu na za kumtunza nyumbani. Maneno hayo dada mtu alikuwa amewaambia watu wasio na idadi. Siku ile hakushika hata moja, ikabidi wifi yake amweleze upya njiani.

Kitinda aliishi wiki tano zaidi. Aliomba jambo moja tu, kwamba mkewe amwoshe na kumlisha, dada akae kando yake wapige soga za utotoni. Dada alikaa, mikono ikimwasha kwa kutaka kurekebisha mto.

Alifariki adhuhuri moja, wote wawili wakiwa wamemshika.

Baada ya mazishi watu walitawanyika. Dada alipoaga, wifi alimshika nguo.

"Wifi, usiniache bado."

Wakaketi kitandani, wakalia kwa kupokezana, huyu akinyamaza ili yule apate nafasi.